Nani Anaanza Mechi ya Saba?

Muhula uliopita, kwenye somo la hisabati ya maamuzi, mwalimu alitupa zoezi ambalo nusu ya darasa tulilicheka. Timu ya besiboli ya Marekani imefika fainali. Fainali ina mechi saba, na wa kwanza kushinda mara nne anabeba kombe. Timu ina warushaji wanne, na kwa kawaida mrushaji akishaanza mechi anapumzika siku nne kabla ya kuanza nyingine. Kalenda hii hapa, takwimu zao hizi hapa. Panga nani aanze mechi ipi. Alama 20.

"Hizi alama za bure," nikamwambia jirani yangu. Nikawapanga kwa wastani wao, wa kwanza mpaka wa nne, kisha nikarudia kuanzia wa kwanza, nikaenda zangu kula wali maharage. Karatasi iliporudi nilikuta 7 kati ya 20, na sentensi moja ya wino mwekundu: "Nani anaanza mechi ya saba?"

Niliangalia mpangilio wangu tena. Mechi ya saba, ile ya kufa au kupona, nilikuwa nimemkabidhi mtu wa tatu kwa ubora. Mkali wangu namba moja yuko benchi anakula mbegu za alizeti. Na wala sikuwa nimekusudia. Kalenda ndiyo iliyoamua, mimi nilijaza tu majina.

Makala hii ni jibu langu la pili kwa zoezi lile. Nimelifanyia kazi mwezi mzima kuliko hata kozi ninazolipiwa ada, na naamini litamsaidia yeyote anayesoma takwimu, uchumi au uongozi, hata kama hajawahi kugusa gongo la besiboli.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa kifupi. Mechi ina iningi tisa, yaani zamu tisa kwa kila timu kupiga. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji wa timu pinzani anajaribu kuupiga na kukimbia kuzunguka vituo vinne ili apate pointi. Mrushaji ndiye anayetawala mechi kuliko mchezaji mwingine yeyote uwanjani. Akiwa katika siku yake, wapigaji tisa wa bei mbaya wanaonekana kama watoto wa chekechea. Lakini kurusha mpira kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa, mara mia moja kwa jioni moja, kunauchosha mkono vibaya sana. Golikipa wa Simba anaweza kudaka Jumatano na Jumamosi, mrushaji wa kuanza hawezi. Ndiyo maana katika msimu wa kawaida wa mechi 162 timu huwa na warushaji wa kuanza watano, wanapokezana. Na msidhani mchezo huu uko sayari nyingine: mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza Little League World Series kule Pennsylvania.

Mtoano ukianza, kocha anapunguza watu. Siku za mapumziko ni nyingi zaidi, hivyo mtu wa tano hahitajiki, na wa nne anatetemeka. Hapo ndipo hesabu yetu inapoanza.

Nimechagua fainali ya World Series ya mwaka 2001, Arizona Diamondbacks dhidi ya New York Yankees, kwa sababu makocha wawili walipewa kalenda moja na wakaijibu tofauti kabisa. Yankees walikuwa wamechukua ubingwa miaka mitatu mfululizo. Diamondbacks walikuwa katika msimu wao wa nne tu tangu timu ianzishwe. Kwa sababu ya mashambulizi ya Septemba 11 msimu ulisogezwa mbele, na fainali ikaingia Novemba kwa mara ya kwanza.

Kalenda ilikuwa hivi. Mechi ya kwanza na ya pili zilichezwa Phoenix tarehe 27 na 28 Oktoba. Tarehe 29 mapumziko na safari. Mechi ya tatu, ya nne na ya tano New York, tarehe 30, 31 na 1 Novemba. Tarehe 2 mapumziko. Ya sita na ya saba Phoenix tena, tarehe 3 na 4.

Sasa chukua kalamu. Aliyeanza tarehe 27, akipumzika siku nne kamili, anarudi tarehe 1 Novemba, ambayo ni mechi ya tano. Wa tarehe 28 anarudi mechi ya sita akiwa na siku tano za kupumzika. Wa tarehe 30, yule wa mechi ya tatu, anarudi tarehe 4 Novemba. Mechi ya saba! Ratiba ya kawaida ya fainali hii imejengwa hivyo: ukichagua mtu wa mechi ya tatu umeshachagua mtu wa mechi ya saba, ujue usijue.

Joe Torre wa Yankees alifuata njia hiyo. Mike Mussina mechi ya kwanza, Andy Pettitte ya pili, Roger Clemens ya tatu, Orlando Hernández ya nne, halafu Mussina, Pettitte, Clemens tena. Mechi ya tatu kwa Clemens hakukuwa kushushwa cheo. Msimu ule alishinda mechi 20 na kupoteza 3. (Mussina alikuwa na wastani mzuri zaidi, pointi 3.15 kwa kila iningi tisa dhidi ya 3.51 za Clemens, lakini rekodi yake ilikuwa 17 kwa 11. Mrushaji anaandikiwa ushindi au kipigo hata kama wenzake ndio walioshindwa kupiga. Tutarudi hapo.)

Bob Brenly wa Arizona alikuwa na tatizo tofauti, tatizo ambalo kocha yeyote angelitamani. Alikuwa na wakali wawili waliowazidi wenzao mbali sana. Randy Johnson, jitu la miaka 38, ushindi 21 vipigo 6, wastani 2.49, wapigaji 372 aliwatoa kwa straiki. Curt Schilling, miaka 34, ushindi 22 vipigo 6, wastani 2.98, straiki 293, na msimu mzima aliwapa wapigaji kituo cha bure mara 39 tu. Nyuma yao alikuwepo Miguel Batista, wastani 3.36, halafu Brian Anderson, wastani 5.20. Anderson, kwa kuruhusu pointi zaidi ya tano kila iningi tisa, alikuwa mtu wa kuombewa dua.

Brenly angefuata njia ya Torre, wakali wake wangeanza mechi nne kati ya saba. Akaona haitoshi. Akamwanzisha Schilling mechi ya kwanza, ya nne na ya saba, kila mara kwa siku tatu tu za mapumziko. Johnson akachukua ya pili na ya sita, Anderson ya tatu, Batista ya tano. Wakali wawili, mechi tano kati ya saba. Angalia kalenda uone kuwa ni mtu wa mechi ya kwanza tu anayeweza kubanwa hivyo. Johnson, akianza tarehe 28, hata ukimbana arudi tarehe 1 Novemba badala ya tarehe 3, hapati mechi ya ziada. Unamchosha bure.

Je, Brenly alikuwa sahihi? Hapa ndipo nilipopotea wiki mbili, nikidhani jibu lipo kwenye mechi ya saba. Nilikuwa najiambia kuwa mkali lazima awekwe kwenye mechi kubwa. Inaingia akilini, na ni kosa.

Hebu tufikirie. Tuseme kila mrushaji anaipa timu nafasi fulani ya kushinda siku yake, na nafasi hiyo haibadiliki kwa kuwa ni mechi ya pili au ya saba. Sasa tuseme timu zikubaliane kucheza mechi zote saba hata kama bingwa ameshapatikana kwenye ya nne au ya tano. Bingwa atabaki yuleyule, kwa sababu aliyeshinda nne kati ya saba ndiye aliyewahi kufikisha nne kwanza. Kwa hiyo nafasi ya kubeba kombe inategemea zile namba saba ulizo nazo, haitegemei umezipanga kwa utaratibu gani. Mkali umweke mechi ya kwanza au ya saba, hesabu inatoka ileile. Nilipoligundua hili usiku wa manane hosteli nilimwamsha mwenzangu wa chumba. Hakufurahi.

Kumbe wino mwekundu ulikuwa mtego. Swali "nani anaanza mechi ya saba" lina maana kwa sababu moja tu: linakulazimisha kuhesabu kila mkono unaingia mara ngapi kwenye kalenda, na kila mara unaingia ukiwa umechoka kiasi gani.

Tuiandike. M iwe nafasi ya kushinda mkali akiwa amepumzika vizuri. C iwe nafasi yake akiwa amechoka, yaani kwa siku tatu. T iwe nafasi ya mtu wa tatu. Njia ya Torre ikitumiwa na Arizona, Schilling anaanza mara mbili akiwa mzima, M mbili, na Batista akiwekwa mechi ya tatu anaanza mara mbili, T mbili. Njia ya Brenly, Schilling anaanza mara moja akiwa mzima na mara mbili akiwa amechoka, na Batista mara moja: M moja, C mbili, T moja. Johnson na Anderson wana idadi ileile pande zote mbili, waache. Toa kinachofanana. Upande mmoja unabaki na M jumlisha T, upande wa pili C mbili.

Basi kanuni ndiyo hiyo: bana mkali wako ikiwa C ni kubwa kuliko nusu ya M jumlisha T. Kwa maneno ya kawaida, mkali aliyechoka lazima awe juu ya katikati ya mkali mzima na mtu wa tatu. Watu wengi, hata watangazaji wa michezo, wanalinganisha mkali aliyechoka na mtu wa tatu moja kwa moja. "Schilling aliyechoka si bora kuliko Batista?" Ndiyo, ni bora, lakini hiyo siyo bei yenyewe. Ukimwanzisha mechi ya nne akiwa amechoka umepoteza pia ile mechi ya tano ambayo angeianza akiwa mzima.

Tia namba za kubuni, zangu mimi, za kufundishia tu. Mkali mzima asilimia 60, mtu wa tatu asilimia 45. Katikati ni 52.5. Kama uchovu unamshusha mkali kutoka 60 hadi 55, mbane. Lakini ukiamini Batista, kwa wastani wake wa 3.36, anakupa asilimia 50, katikati inapanda hadi 55, na hapo mambo yanakuwa sawa kwa sawa. Maoni yangu binafsi: kwa karatasi, mpango wa Brenly na mpango wa Batista mechi ya tatu na ya saba vilikaribiana sana kuliko masimulizi yanavyosema. Mpango uliokuwa mbaya waziwazi ni kumpa Anderson mechi mbili.

Tatizo ni kwamba hakuna mtu anayekuletea M, C na T kwenye sahani. Lazima uzikadirie, na hapa wanafunzi wa takwimu tunapaswa kuona aibu kidogo kwa jinsi tunavyozembea tukitoka darasani.

Chukua suala la "fomu". Kila Septemba unasikia eti fulani yuko moto, mechi zake tatu za mwisho amekuwa mkali, apewe mechi ya kwanza. Mechi tatu za iningi sita sita ni iningi 18. Mrushaji mwenye wastani wa 3.00 ameruhusu pointi 6 humo. Mwongezee pointi 4 za iningi moja mbaya, upepo umeupeleka mpira nje ya uwanja, tayari ana pointi 10 na wastani wa 5.00. Kutoka mkali mpaka Anderson, kwa robo saa moja! Msimu mzima wa Johnson ulikuwa na iningi zaidi ya 249. Ukiacha hizo ukashika 18 za mwisho, ni sawa na kutaka GPA ya mtu ihesabiwe kwa kwizi mbili za mwisho. Wote tunajua nani angedisko.

Halafu kuna ile ya "hawezi mechi kubwa". Johnson huyuhuyu, alipopoteza mechi yake ya kwanza ya mtoano wa 2001, alikuwa amefikisha vipigo saba mfululizo vya mtoano vilivyoandikwa kwa jina lake. Saba! Ungekuwa kijiweni ungesema nini? Angalia ndani yake. Mwaka 1998, akiwa Houston, vipigo viwili kati ya hivyo vilikuwa 2-1 na 6-1. Timu yake ilipata pointi moja kila mechi. Mrushaji hapigi gongo kwa niaba ya wenzake wanane. Brenly hakumwondoa, na Johnson akashinda mechi tano zilizofuata, tatu zikiwa za fainali. Silitumii hili kuthibitisha kuwa ana roho ya mechi kubwa, maana tano ni chache kama saba zilivyokuwa chache. Msimu wa straiki 372 ndio ulikuwa ushahidi, kabla na baada.

Mwaka huohuo wa 2001 mpenzi mmoja wa takwimu za besiboli, Voros McCracken, alichapisha hoja iliyowaudhi wengi: mpira ukishapigwa na kubaki uwanjani, mrushaji ana uwezo mdogo sana wa kuamua kama utadakwa au utaleta madhara. Anachokimiliki kweli ni straiki, vituo vya bure anavyogawa, na mipira anayopigwa mpaka nje ya uwanja. Ukitaka kukadiria M na T anza na hizo tatu. Wastani wa pointi uje baadaye.

C ni ngumu zaidi. Mifano ipo ya kila aina. Mwaka 2003 Josh Beckett wa Florida, kijana wa miaka 23, alirudishwa mechi ya sita ya fainali kwa siku tatu, akawanyima Yankees pointi mechi nzima, 2-0, kombe likaenda Florida. Mwaka 2007 Chien-Ming Wang wa Yankees alirudishwa kwa siku tatu dhidi ya Cleveland, hakumaliza hata iningi ya pili, timu ikaaga mashindano. Unaweza kukusanya mifano kumi ya hivyo na bado usijue kitu, kwa sababu wanaobanwa hawachaguliwi kwa kura. Ama ni wakali ambao kocha anaamini wanaweza, ama ni timu iliyoshikwa koo haina mtu mwingine. Sampuli yako imechafuka kabla hujaanza. Na ukimuuliza mrushaji mwenyewe anajisikiaje, atasema yuko fiti. Hajawahi kuzaliwa mrushaji wa kusema, "Kocha, leo niache."

Turudi Phoenix na New York tuone C iliishia wapi, maana kuna kitu sikukiona mpaka nilipofuatilia mechi moja moja.

Schilling alishinda ya kwanza 9-1. Johnson ya pili 4-0, alirusha iningi zote tisa akaruhusu mipigo mitatu tu. Anderson alijitahidi ya tatu, lakini Clemens alikuwa hashikiki, Yankees 2-1. Mechi ya nne, Schilling kwa siku tatu: iningi saba, pointi moja, hakuna aliyeona uchovu wowote. Arizona wakawa mbele 3-1. Alikuwa amerusha mipira 88 tu. Brenly akamtoa.

Kwa nini umtoe mtu wa mipira 88 anayetawala? Kwa sababu huyo mtu ana mechi nyingine tarehe 4. Hiyo ndiyo bei iliyofichika. Mimi kwenye karatasi yangu niliiandika C kama vile uchovu unaonekana kwenye ubora wa mipira. Lakini uchovu unaonekana pia kwenye iningi ambazo hutathubutu kumwomba. Iningi hizo lazima zirushwe na mtu, na mtu huyo alikuwa Byung-Hyun Kim, mrushaji wa akiba wa miaka 22. Alianza vizuri mno iningi ya nane. Iningi ya tisa, wawili wameshatoka, Tino Martinez akaupiga mpira nje ya uwanja, 3-3. Iningi ya kumi, saa imeshapita sita usiku, Derek Jeter naye akaupiga nje. Yankees 4-3. Kim alirusha mipira zaidi ya 60 usiku ule, na kesho yake akaitwa tena. Mechi ya tano Batista, mtu wa T yetu, alikuwa ameondoka bila kuruhusu pointi hata moja baada ya iningi saba na ushee. Iningi ya tisa Arizona wanaongoza 2-0, Scott Brosius akampiga Kim nje ya uwanja. Yankees wakamaliza iningi ya 12, 3-2.

Jamani. Mpango wa warushaji wa kuanza ulifanya kazi mechi zote mbili, na zote mbili zikapotea. Ukiupima mpango kwa matokeo, usiku ule Brenly alikuwa mjinga. Siku tatu baadaye alikuwa bingwa. Mpango ni uleule.

Mechi ya sita nina ugomvi naye. Baada ya iningi nne Arizona walikuwa wanaongoza 15-0. Kumi na tano! Johnson akaachwa arushe mpaka iningi ya saba. Kesho yake kuna mechi ya saba, kila mkono ni mali, na wewe unautumia wa Johnson kulinda pointi 15. Sijaona hesabu inayotetea hilo.

Mechi ya saba, Schilling kwa siku tatu tena, dhidi ya Clemens aliyepumzika kikamilifu. Schilling alienda vizuri mpaka iningi ya nane, Alfonso Soriano akampiga nje, Yankees 2-1. Akaingia Batista kumtoa mtu mmoja. Halafu mlango wa warushaji wa akiba ukafunguka akatoka Johnson, yule wa jana. Akawatoa wanne mfululizo. Iningi ya tisa Luis Gonzalez akaupiga mpira mlaini juu ya wadakaji dhidi ya Mariano Rivera, 3-2, kombe. Watu watatu waliorusha kwa Arizona usiku ule ni wale waliokuwa wakianza mechi. Kim hakugusa mpira. Kwa hiyo hata jibu la "nani anaanza" lilikuwa nusu tu ya swali la mwalimu, maana mechi ya saba haina kesho, na mkono wowote ulio hai unaweza kuingia.

Ila mikono ni ya watu. Stephen Strasburg wa Washington alifanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2010. Mwaka 2012 timu yake ilikuwa inaongoza kila mtu, lakini Septemba uongozi ukamsimamisha baada ya iningi 159 ili kuulinda mkono wake. Wakaingia mtoano bila yeye, wakatolewa na St. Louis kwenye mechi ya tano, na watu waliwatukana kwa miaka. Mwaka 2019 hawakumlinda. Alirusha iningi 209 msimu wa kawaida na zaidi ya 36 kwenye mtoano, akashinda mechi tano bila kipigo, akawa mchezaji bora wa fainali, Washington wakabeba kombe. Desemba akasaini mkataba wa miaka saba, dola milioni 245. Baada ya hapo alianza mechi nane tu mpaka alipostaafu. Siwezi kudai kwamba Oktoba ile ndiyo iliyomaliza mkono wake, alikuwa na historia ndefu ya majeraha. Lakini kwenye kanuni yangu hakuna herufi inayosimama badala ya bega la mtu mwaka ujao, na anayepanga jedwali si yeye anayerusha. Nimejaribu kuiongeza. Sijui niipe uzito gani, na nadhani kocha aliye mechi mbili kutoka kwenye kombe hatauweka uzito wowote.

Nilimrudishia mwalimu kurasa nne. Alinipa 15, ambazo haziingii popote kwa sababu matokeo yalishatoka. Chini aliandika tena kwa wino uleule: "Na mvua ikinyesha?"

Nikadhani ananitania. Kisha nikaangalia fainali ya 2011, St. Louis na Texas. Chris Carpenter, mkali wa St. Louis, alianza mechi ya kwanza, halafu ya tano tarehe 24 Oktoba. Ya sita ilipangwa tarehe 26 na ya saba tarehe 27, hivyo kwa mechi ya saba angekuwa na siku mbili tu, haiwezekani. Tarehe 26 mechi ikaahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa. Kila kitu kikasogea siku moja. Tarehe 28 Carpenter akaanza mechi ya saba kwa siku tatu za mapumziko, na St. Louis wakawa mabingwa.